Mtu Nitakayempa Shingo Yangu

Alhamisi, saa mbili asubuhi, nitalala chali, kichwa kimetupwa nyuma, na mtu ninayemwogopa atanikata shingo. Baba anasema hakuna haja ya kuogopa kwa sababu mtu huyo ni jirani yetu. Mama naye tangu Jumapili ananipakulia nyama ya ziada, na hiyo nyama ndiyo inayoniogopesha kuliko maneno.

Nimeamua kuandika katika daftari hili kila kitu ninachokijua kuhusu Daktari. Kuongea na watu sijui. Niko kidato cha tatu, na mwaka jana mwalimu wa historia alikaa muhula mzima akifikiri mimi ni mgeni aliyeletwa kutoka shule nyingine. Lakini kuandika naweza. Na naona kama unampa mtu shingo yako, ni vizuri uwe umemkagua kwanza, kama Baba na wenzake walivyolikagua hili shamba la mzungu kabla ya kulinunua. Walilizunguka kwa miguu siku mbili, wakinusa udongo na kubishana.

Shingo yangu ina goita. Ilianza nikiwa darasa la sita, ndogo kama yai la njiwa, na watu wakasema ni maji ya huku juu, wengine wakasema ni chumvi tunayokula. Sasa ni kubwa kama ngumi ya mtu mzima. Naifunika kwa skafu hata jua likiwaka. Nikilala chali pumzi inakuwa nyembamba, naamka nikipapasa ukuta. Daktari alisema haiwezi kuachwa hivyo, itanikaba. Lakini alisema pia, mbele ya Baba, kwamba nyuma ya ule uvimbe kunapita mshipa wa fahamu mwembamba kama uzi, ndio unaoendesha sauti, na ukikatika hakuna fundi wa kuuunga.

Namjua mtu ambaye wake ulikatika. Sokoni mjini kuna mama wa viazi aliyepasuliwa shingo zamani, na daktari mwingine, mbali na hapa. Anaongea kama upepo unaopita chini ya mlango. Wanunuzi humwinamia, na wengi bila kujua humjibu kwa kunong'ona pia. Nilimsikia mtoto mmoja akimuuliza mamake, "Kwani tunaficha nini?"

Watu hufikiri kwa vile siongei, sauti si kitu kwangu. Hata Mama alinitania, "Wewe na sauti mnajuana?" Lakini naitaka. Bado hata sijaanza kuitumia.

Basi, Daktari. Hapa Yamumbi hakuna anayemwita kwa jina. Ni Daktari tu, na wale wa upande wa juu wanamwita Mzee wa Kisu. Siku za kazi anakaa mjini, Elgon View, katika nyumba yenye maua na mbwa. Jumamosi anakuja kwa shamba lake linalopakana na letu. Wakati shamba la mzungu linagawanywa alichukua kipande chenye zizi la farasi, na hakuna aliyeelewa daktari anataka ekari za nini. Baba anasema miaka ile hata mtu aliyekuwa anaogopa jembe alitaka kuwa na mpaka wake.

Nianze na mikono, kwa sababu hiyo ndiyo nitakayopewa. Si mikubwa. Mwanzoni nilifikiri mtu wa kupasua watu atakuwa na mikono kama ya mchinjaji wa pale stendi. Yake ni kama ya mwalimu wa kike, kucha fupi kabisa, ngozi imekauka kwa sabuni. Siku ya kwanza alipokula kwetu, Mama alimmiminia maji kwa jagi kama mgeni yeyote. Akanawa viganja, akanawa vifundo, akapanda mpaka viwiko. Jagi likaisha. Mama akaenda kuleta lingine, nalo likaisha. Alipomaliza akainua mikono yote miwili juu, maji yakitiririka, akasimama katikati ya nyumba bila kugusa kitu, akitazama mlango kama anayengoja mtu.

"Daktari," Baba akasema, "hapa hakuna mgonjwa. Ni ugali na kuku."

Akacheka, akashusha mikono na kuketi. Lakini nilimwona alivyomkagua yule kuku kabla ya kula. Alijua kila kiungo kinapotokea. Alimaliza paja bila kuvunja mfupa hata mmoja, akaipanga ile mifupa pembeni ya sahani kama ilivyokuwa kuku akiwa hai. Mimi sikumaliza chakula changu.

Halafu kuna jambo la mbuzi. Krismasi moja wazee walimpa heshima ya kuchinja. Walifikiri watamfurahisha. Akashika kisu, akamtazama mbuzi, mbuzi akamtazama. Akamrudishia Baba kisu.

"Siwezi. Huyu hajalala."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akaketi chini. "Daktari! Wewe si ndiye unafungua watu matumbo kila siku?"

"Wale wanajua kwa nini," alisema, na akaondoka kwenda kutazama mahindi.

Kisa hicho watu hukisimulia kama kichekesho. Mimi nimekifikiria wiki hii nzima na sioni cha kuchekesha. Mtu ambaye mkono wake unakataa shingo ya mbuzi atafanya nini na yangu?

Ukulima wake ni wa kusikitisha. Mwaka wa kwanza alipanda mahindi kwa kamba na vigingi, kila shimo akilipima kwa rula. Alipofika katikati ya shamba mvua ilikuwa imekwenda zake. Baba alisimama kwenye mpaka akamwambia, "Daktari, hii mahindi unapanda ama unaitahiri?" Watu walimwonea huruma, wakamletea maboga. Lakini seng'enge yake haina mfano. Anaikaza mwenyewe, anaifunga kwa vifundo ambavyo hakuna mtu hapa anayeweza kuvifungua. Ng'ombe wetu aliwahi kunasa hapo. Alijichana chuchu karibu ikatike, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka leo sijui nikiite nini.

Daktari alikuja na mfuko wake mweusi. Ng'ombe alikuwa amefungwa miguu na watu wanne wamemlalia, damu kila mahali, Mama analia. Nilikuwa upande wa pili wa lango. Daktari alipiga sindano ya ganzi, akapiga magoti katika matope na suruali yake ya Jumapili, akaanza kushona. Na akawa anaimba. Si kwa sauti, ni kwa puani, wimbo wa kanisani wa kukusanya sadaka. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtoto anayenyonya. Watu wanapiga kelele, ng'ombe anarusha kichwa, na yeye yuko peke yake mahali pazuri ambapo sisi hatukuwepo. Alipokata uzi wa mwisho alirudi nyuma hatua mbili, akaegemeza kichwa upande, akaitazama kazi yake kama Mama anavyolitazama kabati akishapanga vyombo.

Alikuwa na furaha. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Mtu aliye mbele ya damu na ana furaha.

Si mimi peke yangu niliyejiuliza. Mwaka huu alialikwa shuleni kwetu kutuambia habari za kazi. Wasichana walimuuliza ni miaka mingapi ya masomo, na kama mwanamke anaweza. Alisema anaweza, kama hachoki kusimama. Halafu msichana mmoja wa nyuma, asiyeogopa hata mwalimu mkuu, akasimama. "Samahani, Daktari. Watu wanasema unapenda sana kukata. Ni kweli?"

Mwalimu mkuu alitaka kumkalisha. Daktari akamzuia kwa kidole.

"Ni kweli," alisema. "Nitakwambia kwa nini. Mwalimu wako hapa anafundisha, lakini atajua amefaulu baada ya miaka ishirini, ama asijue kabisa. Mkulima anangoja mvua. Mimi mtu ananijia asubuhi hawezi kutembea kwa sababu matumbo yametoka mahali pake. Nayarudisha. Kesho kutwa anatembea. Nimeona kwa macho yangu. Ni watu wachache wanapewa hiyo."

Kisha akasugua kidole gumba.

"Na siku ikiharibika, pia najua siku hiyo hiyo. Keti."

Ana tabia ya kuhesabu. Ndani ya chumba cha upasuaji, sista mmoja, muuguzi anayesali kanisani kwetu, alitueleza, pamba na mikasi huhesabiwa kabla ya kufunga mtu, na Daktari hata akiambiwa zote zipo husema, "Hesabu tena." Tabia hiyo imemfuata mpaka nje. Akibeba watu katika pikapu yake kutoka kanisani, huwahesabu wakipanda na kuwahesabu wakishuka. Siku moja akapungukiwa na mmoja, akatuzuia sote barabarani mpaka ikakumbukwa kwamba nyanya mmoja alishuka kwa bintiye. Hakuomba msamaha. Alisema tu, "Sasa sawa," akaondoa gari.

Majina ya watu hayakumbuki. Makovu anayakumbuka. Nilimwona pale posho mill, tukingoja kusagiwa mahindi, akimsimamisha mzee mmoja kutoka Sugoi aliyebeba gunia.

"Wewe ni ngiri ya kushoto."

"Ndiyo mimi, Daktari!"

"Onyesha nione."

Na yule mzee akatua gunia, akainua shati mbele ya watu wote, akina mama wakageuza nyuso wakicheka. Daktari akainama, akapitisha kidole kwenye kovu. "Nani anaweza kusema hapa palifunguliwa?" akatuuliza sisi tuliokuwa kwenye foleni. "Eh? Nani?" Yule mzee akajigeuza ili na wa upande wa pili waone. Sijui kati yao wawili ni nani alikuwa na majivuno zaidi.

Basi hayo ni ya kuchekesha. Kuna na yasiyochekesha.

Kijana mmoja alimfia mezani. Alikuwa kijana wa kwenda kuoa, aliletwa akiumwa tumbo tu. Daktari alikwenda mazishini bila kualikwa. Ndugu za marehemu hawakumpa kiti, na mama mmoja akamwambia usoni, "Umekuja kuhakikisha?" Alisimama nyuma mpaka koleo la mwisho la udongo. Baba alikuwepo, ndiye aliyetuambia, na alituambia kwa sauti ya chini ambayo si yake.

Tangu hapo sisi majirani tumejifunza kumsoma. Ukimwona Daktari shambani Jumamosi, ni shamba. Ukimwona siku ya kazi, peke yake, anakaza seng'enge ambayo haijalegea, usimsalimie. Kuna mtu amemfia.

Jana Jumanne nilikuwa natoka kuchota maji. Gari lake jeupe lilikuwa kando ya barabara. Alikuwa kwenye mpaka, koti amelitundika kwenye kigingi, anazungusha waya. Nilipita nikiinamisha kichwa. Nyuma yangu nilisikia koleo la waya likibana, likiachia, likibana. Nilimwaga nusu ya maji kabla ya kufika nyumbani.

Ni Jumatano jioni sasa, naandikia wodini. Mama alinileta na shuka mbili na chupa ya chai, akaondoka haraka ili asilie mbele yangu. Nilikuwa nimejiambia kwamba angalau nitalala usingizi wa dawa, nitaamka yameisha, iwe hivi au vile. Daktari amepita sasa hivi. Akafungua skafu yangu mwenyewe, akapapasa shingo kwa vidole vile vikavu, akifumba macho.

"Sikulazi," akasema. "Nitapiga ganzi hapa na hapa. Utakuwa macho."

Nikairudisha skafu shingoni.

"Mwalimu wangu alifanya shingo hivyo na mimi nafanya hivyo. Ukilala, nitajuaje nimekaribia ule mshipa? Sauti yako ndiyo itaniambia. Kwa hiyo kazi yako ni moja tu. Uongee kutoka mwanzo mpaka mwisho. Usinyamaze. Umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Si hivyo. Kwa mdomo."

"Ndiyo, Mzee."

"Unaogopa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Vizuri. Anayeogopa hatikisiki."

Amekwenda kwa kitanda cha pili. Mimi, ambaye sijawahi kuongea dakika tano mfululizo maishani mwangu, sijui nitaongea nini saa nzima mbele ya mtu mzima nikiwa nimekatwa. Naacha hapa, wanazima taa.

Nimekaa siku kumi bila kuandika. Nitaeleza kama ilivyokuwa.

Waliniweka mto chini ya mabega, kichwa kikaenda nyuma, nikawa naona taa na macho mawili juu ya kitambaa. Sindano za ganzi ziliuma kama siafu, kisha shingo ikawa si yangu. Nilisikia kuvutwa, si kuuma. Hiyo ya kuvutwa ni mbaya kwa namna yake.

"Anza," alisema.

Nilitaja jina langu, na la Baba na la Mama. Nilitaja shule, madarasa yote tangu la kwanza, mito yote ya Kenya, vitabu vya Biblia mpaka Malaki. Nikaingia hesabu za kuzidisha, meza ya saba, meza ya nane. Sauti yangu ilikuwa ngeni kwangu, inatoka mahali nisipopaona. Daktari alikuwa ameanza kuimba kwa puani, ule ule wimbo wa sadaka.

Nilikuwa nimefika Agano Jipya, Wagalatia, alipomgeukia sista. "Taa hii, isogeze kwangu." Sista akasema imefika mwisho. Daktari akasema basi zungusha meza kidogo. Sista akauliza upande gani. Na mimi nikanyamaza.

Sikufikiri. Nimelelewa hivyo, na kila msichana ninayemjua amelelewa hivyo. Watu wazima wakiongea, mtoto hufunga mdomo mpaka wamalize.

Wimbo ukakatika. Kuvutwa kukakoma. Chumba chote kikakoma.

"Msichana," alisema.

Nilidhani bado ana neno na sista.

"Msichana!"

Sasa macho yake yalikuwa juu yangu. Nimeyaona miaka yote hii, lakini sijawahi kuyaona vile. Yalikuwa ya mtu aliyesikia kitu kikivunjika katika chumba kingine. Jasho lilikuwa limejikusanya juu ya nyusi zake. Mkono wake wenye mkasi ulikuwa hewani, hautikisiki, kama si wake. Nikafungua mdomo nimjibu na kwa ule woga hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Hakuna. Nikamwona mama wa viazi.

"Sema kitu," alisema, taratibu sana. "Kitu chochote, mwanangu."

"Nilikuwa nangoja mmalize, Mzee."

Sista ndiye aliyecheka kwanza. Akacheka mpaka akageukia ukuta. Daktari hakucheka. Aliweka mkasi chini, akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Nipanguse," na msaidizi akampangusa uso. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Humu ndani leo hakuna heshima," aliniambia. "Mimi nikiongea, wewe ongea juu yangu. Nikatize. Nitukane ukitaka. Lakini usininyamazie tena."

Wagalatia walikuwa wamenitoka kichwani kabisa. Kitu cha kwanza kilichokuja nikakisema. "Mahindi yako unayapanda vibaya."

"Nani amesema?"

"Baba. Anasema unachelewa na mvua. Na maboga yale watu wanakuletea ni huruma."

"Endelea," alisema, na nikasikia kuvutwa kumeanza tena.

Nikaendelea. Nilimwambia kuhusu mbuzi, kwamba watu bado wanacheka. Nilimwambia nilimwona Jumanne kwenye seng'enge na nilitaka kukimbia. Hapo akasema, "Alikuwa mtoto." Nikasema pole. Akasema, "Endelea tu." Nilimwambia namwogopa tangu siku ya kuku. Nimemwambia mtu yule kwa saa moja mambo mengi kuliko niliyomwambia Mama miaka mitatu.

Karibu na mwisho sauti ikaanza kukwaruza. Nilisikia mwenyewe. Daktari akaacha kukata, akatazama ndani kwa muda mrefu. Sista akauliza kama atamalizia. Akasema, "Hapana. Kipande hiki kimekaa juu ya mshipa. Nakiacha." Akasema tena, kama anayejilazimisha, "Nakiacha. Hesabu."

Siku zilizofuata pumzi ilikuwa pana mpaka nikaiogopa. Lakini sauti haikuwepo. Ulikuwa mnong'ono tu. Kila asubuhi Daktari alikuja akasema, "Jina lako," nami nikanong'ona, naye akaandika kwenye kadi na kwenda. Hakuimba. Sista aliniambia huenda ni uvimbe tu, utashuka, lakini alisema hivyo akikunja shuka, bila kunitazama. Mama alikuwa akiniinamia, akinijibu kwa kunong'ona.

Siku ya tisa Daktari alitoa nyuzi. Akalitazama kovu, akapitisha kidole, hakumwita mtu kuja kuona. "Utakwenda nyumbani," alisema. Akaenda vitanda vingine. Swali langu lilikuwa kooni tangu chumba cha upasuaji, na nililipanga nikimwona anazunguka, na kila alipokaribia nililimeza. Alipomaliza kitanda cha mwisho akashika mlango. Nikaona anatoka, na kwamba nitakaa na kile kipande shingoni bila kujua.

"Daktari! Hicho ulichoacha, kitaota tena?"

Haikuwa sauti nzuri. Ilikwaruza kama lango lisilotiwa mafuta. Lakini ilivuka wodi nzima. Mama mmoja mwenye mguu wa plasta akaamka. Mtu akasema, "Ni nani huyo?"

Daktari alirudi. Hakukimbia, lakini aligonga meza ya dawa na hakuitazama. Akasimama miguuni pa kitanda changu, akashika chuma kwa mikono miwili.

"Sijui," alisema. "Sema tena."

Nikasema tena. Alikuwa amefumba macho, kichwa ameegemeza upande.

"Tena," alisema, na nilijua vizuri kwamba tangu mara ya kwanza alikuwa amesikia.